Hifadhi ya Bahari ya Watamu, kwa familia inayotoka Nairobi na gari lake

Niseme mapema kwa anayepanga likizo ya Desemba: Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu inastahili mwendo wote ule kutoka Nairobi, hata kama una watoto wadogo kiti cha nyuma. Ila utamu wake ni wa saa chache tu kwa siku, na saa hizo hupangi wewe wala nahodha. Zinapangwa na maji.

Sisi tulifikia Kilifi, kwa marafiki waliokuwa majirani zetu Buruburu kabla ya kuhamia pwani. Jioni tukawaambia kwamba kesho tutalala tushibe usingizi, tule, halafu mchana ndiyo tuingie baharini. Mwenye nyumba akatoka barazani, akautazama mwezi, akarudi na jibu: "Mchana maji yatakuwa yamejaa, shemeji. Hao watoto wataona nini? Saa tatu muwe mko ufukweni." Mwezi ulikuwa mpevu, na siku hizo bahari ya huku hupwa mno kwenye saa nne asubuhi. Wakati wa bamvua, yaani siku kama hizo za mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Hebu fikiria mtoto anayetazama chini kutoka juu ya maji: mita hizo ndizo zinazoamua kama ataona samaki au ataona buluu tupu. Kila siku maji huchelewa karibu dakika 50, kwa hiyo usibebe saa za mwenzako aliyekwenda wiki iliyopita. Muulize mwenyeji, au tazama jedwali la maji kabla hujampigia mtu wa boti.

Tulifuata ushauri, na sijutii usingizi ule. Boti yenye sakafu ya kioo ilisimama juu ya matumbawe, kitinda mimba wangu akalala kifudifudi kwenye kioo na hakutaka kuinuka. Dada yake alivaa barakoa akaingia majini pamoja na baba yao, akatoka akitueleza kwamba amemsikia samaki akitafuna. Nilidhani ni hadithi za watoto mpaka nilipoingia mwenyewe. Ni pono, wanaguguna mwamba kwa midomo yao migumu, na chini ya maji mlio wake unausikia vizuri kabisa. Wanangu wamezoea mbuga yetu ya Nairobi, ambako unakaa ndani ya gari na mnyama anabaki upande wake. Hapa walikuwa ndani ya makao ya mnyama, naye akiendelea na kula kwake. Kwangu hilo ndilo linaloipa Watamu alama za juu kuliko mahali pengine pote tulipopita.

Pamoja na sifa hizo, kuna mambo mawili yaliniudhi. Kwanza ni mkate. Wahudumu wa boti yetu walitoa vipande wawape watoto wawarushie samaki, ili waje wengi juu. Nilikataa, na ninaomba wazazi wengine mkatae. Samaki wengi wa pale kazi yao ni kula mwani unaoota juu ya matumbawe, na matumbawe yakifunikwa na mwani hufa. Mwamba wenyewe umeshateseka: mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ikafa. Hifadhi hii imelindwa tangu 1968, ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika, na haifai iharibiwe kwa slesi za mkate. Vilevile msiwaruhusu watoto kusimama juu ya mwamba au kumtoa kiti cha pweza majini ili apigwe picha.

La pili ni jaketi za kuokoa maisha. Za watu wazima zilikuwepo, ya mtoto mdogo ikabidi itafutwe kwenye boti nyingine. Iulizieni kabla ya kukubaliana bei, na muione kwa macho.

Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali; pesa taslimu haichukuliwi. Lipia ukiwa bado nyumbani palipo na mtandao wa uhakika, na ubebe kitambulisho ili ulipe kama raia.

Kuhusu barabara, ukienda Kilifi au Watamu huna haja ya kuingia Mombasa. Mariakani pinda kushoto, upite Kaloleni katikati ya minazi, utokee Mavueni karibu kabisa na Kilifi. Foleni ya malori ya bandarini unawaachia wenyewe wapambane nayo. Kula tulikula Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, toa sadaka ukijaliwa. Dengu na chapati zile ziliwatuliza watoto kuliko chipsi za kituo chochote cha mafuta.

Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani tu, na ni hazina: kuna ndege, kama mnana wa Clarke, asiyepatikana popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi. Lakini kwa mtoto wa miaka sita ni miti, na miti tena. Mwongozaji alimwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akikatiza njia, sisi tukaona majani yakitikisika. Ningerudi bila watoto, alfajiri.

Mida, mkono wa bahari ulio jirani na Watamu, ni tofauti. Pale kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, na ada yake inasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka msitu, kupitia mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Fika maji yakiwa yanaanza kujaa, kwa sababu yanawasukuma ndege kukusogelea. Na kama likizo yenu ni ya Agosti, upepo wa kusi ukivuma na bahari imechafuka, anzeni na Mida, boti muiweke akiba mpaka mpate asubuhi iliyotulia. Isipopatikana, hiyo pesa ya boti itunzeni mpaka msimu wa upepo wa kaskazi.