Picha ya polisi au picha ya nyumbani?

Mhariri ana habari ya mshukiwa Mmarekani mweusi na picha mbili mezani: ya polisi, ile anayopigwa mtu akikamatwa, na ya nyumbani, ya familia. Aweke ipi?

Kwa wepesi na gharama, ya polisi inashinda. Ya nyumbani lazima iombwe kwa jamaa, na ina wenyewe.

Kwa hukumu inayopitia machoni, mambo hugeuka. Picha ya polisi humfunga mtu kabla ya hakimu, na ikirudiwa kila siku kwa watu weusi, rangi yenyewe huanza kuhesabiwa kuwa ushahidi. Mwaka 1994 jarida la Time liliitia giza picha ya polisi ya O.J. Simpson, nyota mweusi wa zamani wa kandanda ya Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, kwenye jalada. Jarida jingine, Newsweek, likatumia ileile bila kuitia weusi. Zilipopangwa pamoja, tofauti ilijieleza. Polisi wa San Francisco waliacha kutoa nyingi ya picha za waliokamatwa mwaka 2020. Ya nyumbani nayo hupendelea, tena sana: nani huweka albamuni picha aliyonuna?

Mtu anasakwa na ni hatari? Ya polisi. Ni marehemu, au kesi haijaanza? Ningeomba ya nyumbani. Na kama mzungu wa kosa lilelile jana alipewa ya mahafali, huyu naye apewe.