Wageni wapo, wateja hawapo: zana za tovuti, ipi inunuliwe kwanza na ipi isubiri

Niliwahi kulipia mwaka mzima wa programu ya kutengeneza madirisha ibukizi, yale yanayomrukia mtu usoni akifungua ukurasa. Mauzo hayakusogea. Baadaye nikajaribu kuagiza bidhaa yangu mwenyewe kwa simu, na fomu ya oda ikaikataa namba iliyoanza na alama ya kujumlisha. Watu walikuwa wanafika hadi mlangoni, wanagonga, wanaondoka. Mimi nilikuwa nimenunua tarumbeta ya kuwaita.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kitu kimoja: zana inakuonyesha au kuziba tundu ambalo mteja anapotelea, au inaongeza kelele tu? Na kabla ya kutoa hata senti, shika simu, zima Wi-Fi, tumia bando, kisha nunua kitu kwenye duka lako kuanzia mwanzo hadi risiti.

1. Rekodi za matembezi na ramani za joto

Google Analytics, zana ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, itakuambia watu 300 walifungua ukurasa wa bei na 280 wakaondoka. Haitakuambia kwa nini. Rekodi ya matembezi inakuonyesha kidole chenyewe: kinapanda, kinashuka, kinabofya picha ambayo haifunguki, kinabofya tena kwa hasira, kwisha habari. Ramani ya joto hujumlisha mibofyo ya wageni wote na kukuonyesha ni wapi wanagusa na ni wapi hawafiki kabisa.

Naiweka ya kwanza kwa sababu ni bure na huponyesha upofu. Microsoft Clarity haitozi chochote hata wageni wakiwa wengi, na hukuchambulia yenyewe mibofyo ya hasira na mibofyo isiyojibiwa. Hotjar nayo ni nzuri, na ina dodoso fupi za kumuuliza mgeni swali palepale, lakini mipango yake mizuri ni ya kulipia. Anza na Clarity. Tazama rekodi 20 za watu walioishia kwenye fomu au kikapu, si rekodi za watu wote; ukitazama zote utasinzia.

Jambo moja la kuheshimu: hakikisha sehemu za majina, namba na kadi zimefichwa kwenye rekodi. Kama una wageni kutoka Ulaya, sheria za faragha za huko zinakutaka uombe ridhaa yao kwanza.

2. Kitufe cha kuchati

Biashara ndogo ina silaha ambayo kampuni kubwa haina: mwenye mali anajibu mwenyewe. Mtu anayeuliza "hii ipo namba 40?" ameshatoa mkono mfukoni.

WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ni bure na ina katalogi, majibu ya haraka na ujumbe wa kuwapokea watu ukiwa umefunga. Kiungo chake huanza na wa.me, kikifuatiwa na namba yako kwa mfumo wa kimataifa, bila alama ya kujumlisha wala sifuri za mwanzo. Wengi hukosea hapo, kitufe kikawa pambo. Utamu wake ni kwamba unaweza kumwandalia mteja ujumbe wa kuanzia: kila ukurasa wa bidhaa uwe na kiungo chake chenye jina la bidhaa hiyo, ili usianze mazungumzo kwa "ipi hiyo?". Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, kwa hiyo msaidizi anaweza kujibu kutoka kwenye kompyuta. Usikubali kuuziwa mfumo wa API (unaounganisha WhatsApp na programu nyingine) wa kulipia kabla watu wako wa kujibu hawajazidi hapo.

Kama wateja wako wanapenda kuchati ndani ya tovuti yenyewe, tawk.to ni bure. Wao hupata pesa kwa kukuuzia uondoaji wa nembo yao na watu wa kujibu kwa niaba yako. Roboti wa kuchati? Subiri. Kusanya kwanza maswali 30 unayoulizwa kila wiki. Mara nyingi nusu yake yanamalizwa na sentensi mbili kwenye ukurasa, na roboti anakosa kazi.

3. Njia ya malipo

Taasisi ya Baymard, inayochunguza maduka ya mtandaoni, imejumlisha tafiti nyingi na kupata kwamba karibu asilimia 70 ya vikapu huachwa njiani. Sababu inayotajwa sana ni gharama zinazochomoza mwishoni: usafirishaji, kodi, ada. Kulazimishwa kufungua akaunti nako kumo kwenye orodha. Yote hayo unayarekebisha bila kununua kitu. Andika gharama ya usafiri kwenye ukurasa wa bidhaa, ruhusu mtu anunue kama mgeni.

Ukifika kuchagua mtoa huduma wa malipo, usivutwe na ada ndogo peke yake. Uliza mambo manne: anapokea njia ambazo wateja wako tayari wanazitumia? Pesa inafika kwako baada ya siku ngapi? Ukimrudishia mteja, ada ya mwanzo inarudi? Na mteja anabaki kwenye tovuti yako au anatupwa kwenye ukurasa wa kigeni wenye jina asilolijua?

4. Kasi

Pima kwa PageSpeed Insights ya Google, ni bure. Kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Mara nyingi mchawi ni picha: imetoka kamera ikiwa na megabaiti 4, ikapandishwa hivyohivyo. Igeuze iwe WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, ipunguze upana, upime tena. Nunua seva bora pale tu kipimo kinapoonyesha kwamba seva yenyewe inachukua zaidi ya sekunde 0.8 kuanza kujibu.

5. Barua pepe

Zana za kuwatumia wateja wengi barua pepe ni kwa wale ambao bidhaa yao hununuliwa tena na tena, au hufikiriwa kwa wiki kadhaa. Ukiuza kitu cha mara moja maishani, ruka. Usiangalie mpango wa bure pekee: ule wa Mailchimp, mojawapo ya zana hizo, ulikuwa unabeba watu 2,000, baadaye ukapunguzwa sana. Angalia bei ya ngazi inayofuata, na kama unaweza kuondoka na orodha yako ya majina. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinadai watumaji wathibitishe kikoa chao (jina la tovuti linalofuata @) kwa SPF au DKIM, mipangilio inayoonyesha kwamba barua imetoka kwako kweli, na wanaotuma nyingi wawe na vyote viwili. Zana isiyokuongoza kwenye hilo itapeleka salamu zako kwenye barua taka.

6. Madirisha ibukizi

Tangu Januari 2017 Google inaweza kuzishusha kwenye matokeo ya utafutaji kurasa za simu zinazofunikwa na dirisha mara mgeni anapoingia. Mimi nimeshasimulia yangu.

7. Programu za majaribio ya A/B

Hizi ndizo husifiwa kuliko zote: nusu ya wageni waone kitufe chekundu, nusu waone cha kijani, kisha hesabu iamue. Hesabu yenyewe ndiyo tatizo. Tuseme katika wageni 100 wawili hununua, na unatarajia badiliko litakalopandisha kiwango hicho hadi asilimia 2.4. Ili usidanganywe na bahati, unahitaji takriban wageni 20,000 kwa kila toleo, yaani 40,000 kwa jaribio moja. Google yenyewe ilikuwa na zana ya bure ya kazi hii, Optimize, ikaifunga Septemba 30, 2023. Zilizobaki nyingi zimepangiwa bei ya wakubwa. Duka lenye wageni 3,000 kwa mwezi litasubiri zaidi ya miezi 13 kujua rangi ya kitufe, na kufikia hapo bidhaa iliyokuwa ikijaribiwa huenda haipo tena dukani.