Kumtoa mtoto mchanga katika mji mgeni wa pwani: wapi panafaa, wapi bado

Mwenye mtoto mchanga akihamia mji wa pwani, ushauri wa kwanza atakaopewa ni aende ufukweni. Kwa mtoto ambaye hajakaa mwenyewe, huo ndio mtoko mgumu karibu kuliko yote, na hapa tumeuweka karibu na mkia. Uzuri wa mandhari hatukuuhesabu. Katika wiki zake za kwanza mtoto huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, kwa hiyo bahari nzima kwake ni mwanga na kelele. Tulichotazama ni vile vinavyofanya mtoko udumu saa mbili au uvunjike dakika ya ishirini: kivuli kisichohama, upepo, sakafu inayopitika kwa kigari, na mahali safi pa kubadilishia nepi na kunyonyeshea.

Kwa vipimo hivyo akwaria, yaani jumba la maonyesho ya samaki hai, inashika nafasi ya kwanza bila ubishi. Pana ubaridi, jua halipo, na kuna vioo vikubwa vyenye vitu vinavyosogea. Kuanzia miezi mitatu hivi mtoto huweza kufuata kwa macho kitu kinachopita, na samaki mkubwa anayekatiza taratibu mbele ya maji yenye mwanga ni kitu hasa cha saizi yake. Kaa naye kwenye tangi la namna hiyo hata robo saa. Matangi ya matumbawe yenye vidudu vidogo mia moja humpendeza mzazi zaidi kuliko mtoto, na yale madimbwi ya kushika viumbe kwa mkono yarukeni mpaka umri wa kutia vidole mdomoni upite.

Kabla ya kukata tiketi uliza maswali matatu mlangoni. Kigari kinaingia mpaka mwisho, au kinaachwa nje? Njia ni ya upande mmoja, au mnaweza kurudi nyuma? Na chumba cha kubadilishia nepi kiko wapi? Hilo la mwisho ndilo linaloharibu siku: akwaria nyingi zina mzunguko wa upande mmoja, na chumba kikiwa mwanzoni, mtoto akichafuka katikati mtatembea nusu ya jengo mkipingana na umati. Mbadilishe kabla ya kuingia hata kama nepi bado ni nyepesi. Fika mlango unapofunguliwa, siku ya kazi, maana makundi ya wanafunzi huanza kumiminika katikati ya asubuhi na mwangwi wa kumbi hizo ni mkali. Tahadhari nyingine ni kiyoyozi. Mtoto aliyetoka juani na jasho shingoni mfute, mvalishe shati kavu, ndipo muingie.

Njia ya kutembelea kandokando ya bahari inafuata kwa karibu, mradi iwe asubuhi au jioni. Sakafu ni ngumu, kigari kinakwenda, mtoto analala. Ila kuna jambo mgeni halioni: njia hizi kwa kawaida hujengwa zikiinama kidogo ili maji yatiririke, na mara nyingi huinamia baharini. Kwa jicho pamenyooka. Kwa magurudumu hapajanyooka. Funga breki kila mnaposimama, hata kwa picha moja tu, na uelekeze kigari sambamba na ukingo, kisiutazame. Kamba ya mkononi kama ipo ivae. Mkoba mzito usiutundike kwenye mpini, kwa sababu ukimtoa mtoto tu, kigari kinapinduka kinyumenyume.

Kosa kubwa zaidi la njia hii hufanywa na wazazi waangalifu: kufunika kigari kwa shuka jepesi ili mtoto alale gizani. Hewa ya ndani inasimama na joto halina pa kutokea. Gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi lilipojaribu jambo hilo, joto la ndani ya kigari lilitoka nyuzi 22 za Selsiasi hadi 34 kwa nusu saa, na baada ya saa nzima likafika 37. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wa mwaka 2023 uliongeza kitu cha maana: kitambaa kikavu kinapasha, bali kilekile kikiloweshwa kinapoza, hasa kikisaidiwa na feni ndogo. Tunaukubali, kwa angalizo la pwani. Kitambaa hupoza kwa kukauka, na hewa yenye unyevu mwingi haikikaushi haraka. Siku ya mvuke mzito usikitegemee. Shusha kofia ya kigari upande wa jua, acha mbele wazi, na kila dakika kumi gusa kifua au kisogo cha mtoto. Mikono na miguu haina habari ya kweli. Huwa ya baridi hata mwili ukiwa umeshapata joto.

Mbeleko ni bora kuliko kigari penye ngazi, umati au mchanga, lakini ni miili miwili inayopashana moto, kwa hiyo chagua ya pamba au kitani na mpumzike kila baada ya nusu saa hivi. Ukaguzi wake ni wa sekunde chache: uso wa mtoto unauona bila kufunua kitu, kidevu chake hakijagusa kifua (vidole viwili vipite hapo), utosi uko karibu kiasi cha kuubusu, na magoti yamepanda juu kidogo ya makalio. Kidevu kikiangukia kifuani njia ya hewa inabanwa, na mtoto mchanga hawezi kujiinua wala hatapiga kelele.

Sasa ufukwe. Unaendeka, ila kwa ratiba ya bahari. Anza na jedwali la kupwa na kujaa. Pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo saa iliyowafaa leo kesho itasogea mbele kwa karibu dakika 50, na baada ya wiki moja mambo yamegeuka: pale mlipotandika mkeka saa mbili asubuhi huenda pakawa maji. Kupanda kwenyewe hakuendi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kimo chote cha maji mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza hupanda fungu moja tu, ya pili mafungu mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu. Ndiyo maana watu husimika hema bahari ikionekana imetulia, kisha mtoto akishalala maji yanawajia kwa kasi. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huzidisha hayo yote. Wa mara ya kwanza achague siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo, na afike maji yakiwa yanatoka, kabla ya saa nne asubuhi: eneo linazidi kupanuka badala ya kupungua, na mchanga ulioachwa na maji umeshikana, kigari kinapita. Kwenye mchanga mkavu usisukume. Kilaze kigari juu ya magurudumu ya nyuma, geuka, ukivute.

Jua la hapo ni suala la pande zote, si la juu tu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, na povu la mawimbi karibu asilimia 25, na mawingu mepesi huipitisha mingi. Mwavuli peke yake basi hautoshi. Upepo wa bahari nao ni mwongo: unaipoza ngozi bila kupunguza mwale hata mmoja, kwa hiyo mtoto anaungua bila dalili ya joto. Wa chini ya miezi sita anakaa kivulini kabisa, kavaa mikono mirefu na kofia yenye ukingo. Losheni ya kukinga jua hupakwa kidogo usoni na mgongoni mwa mikono pale tu kivuli na nguo visipotosha. Baada ya miezi sita tumia yenye SPF (kipimo cha kinga ya losheni) 30 au zaidi, ya zinki oksidi au titani dioksidi, na urudie kila saa mbili. Na maji ya kunywa? Kabla ya miezi sita hapana, hata kama joto ni kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Hema dogo linalojifungua lenyewe tunalisifu kwa masharti. Kitambaa kilichoandikwa UPF 50, kipimo cha kinga ya kitambaa dhidi ya jua, hakipitishi zaidi ya sehemu moja ya hamsini ya miale, lakini hema lisilo na madirisha ya wavu pande mbili zinazotazamana linageuka tanuri. Usinunue la mlango mmoja, hata likiuzwa bei ya kutupa. Likisimikwa, liwe juu ya ule mstari wa mwani uliokauka, ambao ndio alama ya maji yalipofika mara ya mwisho, na siku za kuelekea bamvua liwe mbali zaidi ya hapo. Mgongo wake uelekee unakotoka upepo, wavu wa nyuma ukiwa wazi. Jaza mchanga kwenye mifuko ya pembeni kabla hujaliachia. Likitangulia kuachwa, upepo unaondoka nalo. Kulikunja ndiko kunakoaibisha watu: simamisha duara, likunje katikati liwe kama umbo la tarakimu 8, kisha leta kichwa cha juu ndani ya cha chini. Fanyeni mazoezi nyumbani, maana ufukweni mtakuwa na mtoto analia na mkono mmoja.

Mtoto anayetambaa atakula mchanga, na chembe chache si msiba. Vichungi vya sigara ndiyo hatari, kwa nikotini iliyobaki ndani. Chekecha kwa vidole mchanga wote ambao mkono wake unaweza kuufikia kabla hujamkalisha, na urudie kila anapohama. Wakati wa kubadilisha nepi usianze na kitambaa chenye unyevu: mchanga ukilowa unashikamana na mikunjo ya mapaja na kuikwaruza. Acha ngozi ikauke, pangusa kwa kitambaa laini kikavu, halafu ndipo maji. Poda ya talki iacheni, vumbi lake haliwi zuri mapafuni.

Bwawa la kuogelea lenye maji ya vuguvugu linaushinda ufukwe kwa mbali. Kwa wa chini ya miezi sita maji yawe nyuzi 32 hivi. Uliza namba, usikubali jibu la "ni ya moto". Anza na dakika kumi, ongezeni polepole hadi ishirini, na kabla ya mwaka mmoja zisizidi thelathini. Nepi ya kuogelea huzuia choo kikubwa tu, mkojo hupita, na ile ya kawaida huvimba maji mpaka inamzamisha. Mtoto mwenye kuharisha haingii kabisa: vimelea vya Cryptosporidium huishi siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini.

Boti ndogo ya matembezi haifai kwa mtoto ambaye jaketi la kujiokolea halimkai. Walinzi wa Pwani wa Marekani hutaja uzito wa pauni 18, yaani kilo 8 na kidogo, kuwa ndio kiasi ambacho watoto wengi huanza kuenea ndani yake. Mwambie mwenye boti alitoe jaketi la mtoto ulione: liwe na kola kubwa nyuma ya kichwa, mkanda wa kupita katikati ya miguu na kishikio begani. Mvalishe, kisha liinue kwa mabega yake. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Ndani ya boti mtoto hafungwi kwenye mbeleko wala kwenye kigari, kwani mkianguka majini mnazama pamoja. Kivuko kikubwa chenye sitaha iliyofunikwa ni habari nyingine. Huo ni mtoko wa bei nafuu na mtoto hupenda mtikisiko wake, mradi mkae mbali na honi na chumba cha mashine.

Imebaki mikahawa ya ufukweni, na alama zake zinategemea simu moja kabla ya kwenda. Uliza kama mlangoni pana ngazi, kama kiti kirefu cha mtoto kina mikanda na si ubao wa mbele tu, na kama meza ya kubadilishia nepi iko mahali ambapo baba pia anaingia. Kiti hicho ni cha anayekaa bila kuegemezwa. Kabla ya hapo mtoto abaki kwenye kigari kilicholazwa. Kiti cha gari usikiweke juu ya meza, hata kwa dakika moja. Ombeni meza ya ukutani, mbali na mlango wa jikoni, upande ambao moshi hauelekei, saa moja kabla ya watu kujaa.

Kuhusu maziwa, joto la pwani linafupisha kila hesabu. Yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne kwenye nyuzi 25 au chini ya hapo, na mezani kwenye joto zaidi ni pungufu. Ndani ya mkoba wa baridi wenye vipande vya barafu iliyoganda sawasawa hufika saa 24. Ya unga msiyakoroge nyumbani. Bebeni maji yaliyochemka ndani ya thamosi na unga uliopimwa kwenye kikasha kikavu, mchanganye maji yakiwa hayajashuka chini ya nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe si tasa, kisha poozeni chupa kwenye bakuli la maji baridi. Jikoni watawapa bakuli mkiomba. Yatakayobaki saa moja baada ya mtoto kuanza kunywa yamwageni, hata chupa ikiwa bado nusu.