Seti ya kuoteshea mahindi matamu: mbegu chukua, trei waachie

Seti hii nimeinunua kwenye duka la pembejeo karibu na Soko la Kilombero, hapa Arusha, kwa shilingi 22,000. Ndani ya boksi mna pakiti ya mbegu za mahindi matamu, trei ya plastiki, tofali la kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) lililoshindiliwa, na karatasi ya maelekezo yenye picha nzuri kuliko maneno. Jina la kampuni naliacha, maana seti za namna hii zimekuwa nyingi madukani na karibu zote zinafanana.

Shoga zangu huniuliza nahangaika na miche ya nini, wakati hindi hufukiwa tu shambani na mtoto wa darasa la pili anaweza kazi hiyo. Ni kweli, kwa mahindi ya ugali. Ila haya matamu hayataki ujirani. Masika ikifika, mtaa wetu wa Sakina mzima ni mahindi, mpaka kwenye kingo za mitaro. Mbelewele za jirani, yale maua ya kileleni, zikifunguka, upepo unaleta chavua yake, na ikitua kwenye ndevu za mahindi yangu, punje zinatoka ngumu zenye wanga msimu huohuo, wala husubiri kizazi kijacho. Wataalamu hushauri umbali wa mita 250 hivi. Kiwanja changu, ukijumlisha na banda la kuku, hakifiki hata robo yake. Kwa hiyo mimi napanda Julai, mahindi ya wenzangu yakiwa yamekauka, kwa maji ya bomba. Na Julai ya Arusha mnaijua: usiku nyuzijoto zinashuka hadi 12 au 13, udongo ukiushika asubuhi unauma vidole. Ndiyo maana naotesha ndani.

Tuanze na mbegu, maana ndizo zilizonifanya niandike. Zimwage kiganjani. Aliyezoea mbegu ya kawaida atadhani ameuziwa takataka: punje zimesinyaa, zimekunjamana, nyepesi, na zimepakwa dawa ya rangi ya waridi. Ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Nyuma ya pakiti imeandikwa sh2, jina la kinasaba ambacho John Laughnan wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichapisha habari zake mwaka 1953. Chenyewe kinazuia sehemu kubwa ya sukari isigeuke wanga. Faida yake ni kwamba hindi likishavunwa linabaki tamu kwa siku kadhaa, tofauti na mahindi matamu ya zamani ambayo ukiyachuma asubuhi, kesho yake utamu umekwishapungua. Hasara yake anaibeba mche. Wanga ndio chakula chake kabla hajapata jani la kijani, na hapa akiba ni ndogo. Akikutana na udongo wa baridi anachelewa, na akichelewa kuvu wanamwahi. Udongo ukiwa chini ya nyuzijoto 16 unajisumbua bure. Ukiwa kati ya 25 na 30, wiki haiishi hujaona kitu.

Sasa ile karatasi. Mstari wa kwanza kabisa unasema: loweka mbegu usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu. Nilikuwa naisoma palepale kaunta, kijana muuzaji akanikatiza.

“Mama, hizi usiloweke. Zikinywa maji kwa pupa zinapasuka, halafu dawa yote inabaki kwenye bakuli.”

“Mbona wameandika?”

“Wameandika ya mahindi mengine, mama. Wamekopi tu.”

Nikataka kujionea. Nikatia punje chache kwenye kikombe cha maji, nyingine chache nikazikunja ndani ya kitambaa chenye unyevu, vyote nikaviweka juu ya friji. Asubuhi maji ya kikombe yalikuwa ya waridi na mazito kidogo, punje zimevimba na ngozi zimechanika. Baada ya muda zikaanza kunuka uchachu, na nyingi hazikutoa kitu. Za kwenye kitambaa zilijaa taratibu. Kwanza ukatoka mzizi mweupe kwenye ile ncha nyembamba, mfupi na mnene, wenye vinyweleo kama vumbi. Kisha upande wa pili kikatokeza kichomozi, yaani jani limejisokota ndani ya ala yake likiwa na ncha kali ya kutobolea udongo. Ukizipanda wakati mzizi umechungulia tu, hujachelewa. Ukiuacha urefuke utaunyofoa kwenye kitambaa.

Kokopiti naisifu. Tofali ukilimwagia maji linaumuka hadi kujaa ndoo ndogo, jepesi, halishikani kama matope. (Ndugu zetu wa Tanga wanaokokea moto makumbi ya nazi wakiiona bei yake watacheka.) Isuuze kwanza, kwani mara nyingine huja na chumvi, kisha ikamue: ukiibana mkononi itoe tone moja mawili, isitiririke. Yenyewe haina chakula, jambo ambalo karatasi imelinyamazia. Mimi huchanganya na samadi iliyooza sawasawa na kuchekechwa. Mbegu naifukia kina cha pingili moja ya kidole, ncha ikitazama chini.

Trei ndiyo iliyonikera. Ina vishimo 128, vyembamba na vifupi, trei ya kabichi na nyanya kabisa. Mzizi wa kwanza wa hindi haupindi kona, unashuka wima, na kwenye kishimo hiki unagonga kitako mapema ukaanza kujizungusha. Kumtoa mche napo ni kazi. Unasukuma kwa kidole kutoka chini, plastiki inabonyea, udongo unabaki nyuma na mche unakuja na mizizi uchi. Hindi halipendi kabisa kuguswa mizizi, linadumaa. Trei yenyewe ilipasuka ukingoni nilipoinyanyua ikiwa imejaa maji. Miche mizuri niliipata kwenye viriba na kwenye boksi tupu za maziwa nilizozitoboa chini, ambazo siku ya kupandikiza unazichana kwa kisu, mche unaingia shimoni na udongo wake wote.

Jikoni kwangu, karibu na jiko la mkaa, miche mingi ilitokeza: katika kila punje kumi, nane au tisa, na lebo imeandika uotaji asilimia 85. Hapo hawakudanganya. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ipo, namba ya shehena ipo. Wakishachomoza tu, watoe nje kwenye jua. Ukiwaonea huruma ukawaacha jikoni watarefuka, watapauka na kulala. Usiku nawarudisha ndani, mchana nawafunika na wavu, maana kuku wa kwangu hawana adabu. Maji ni asubuhi, jioni hapana. Udongo ukilala umelowa kwenye baridi hii, ugonjwa wa kinyaushi unakata shina usawa wa ardhi na mche unaanguka ukiwa bado wa kijani.

Karatasi inasema upandikize mche ukifika sentimita 30. Huko ni kuchelewa. Mimi nahamisha ukiwa na majani mawili au matatu. Na wapande kwa kitalu cha mraba, mistari minne au mitano mifupi iliyokaribiana, si mstari mmoja mrefu wa kupendezesha ukuta kama kwenye picha yao. Chavua huanguka kutoka juu na kusambazwa na upepo. Mstari mmoja utakupa magunzi yenye mapengo, na mapengo hayo huyajui mpaka siku umeshamenya.

Kuhusu kiwavijeshi vamizi, hakuna hata neno moja, na huyu mdudu tunaye nchini tangu 2017! Kila asubuhi fungua yale majani ya katikati yaliyojikunja, ukiona unga kama wa msumeno ujue yumo, mtoe kwa mkono. Nimesikitika hasa kwa watu wanaoanza, ambao hununua seti nzima kwa kuamini kwamba kila kitu kimeandikwa.

Kuhusu kula sina malalamiko. Vuna wiki tatu hivi baada ya ndevu kutoka, zikiwa zimekauka na kugeuka kahawia, punje ukiibonyeza kwa ukucha itoe maji. Chemsha dakika tano, inatosha. La kuchoma halinogi sana, sukari inawahi kuungua. Mume wangu, ambaye kwake hindi ni la makaa, pilipili na ndimu, alionja moja akasema hii ni pipi, akaomba la pili. Mbegu ya mwakani usitunze kutoka humo, ni chotara. Na zile punje za waridi zinazobaki usiwatupie kuku, zina dawa.

Pakiti peke yake dukani ni shilingi 9,000 na tofali la kokopiti ni 6,000. Kwa hiyo ndani ya boksi unalipia 7,000 ya trei iliyopasuka na karatasi ya kukupoteza. Mbegu naipa nyota nne na nusu, kokopiti nne, seti nzima mbili. Pakiti zisizo na boksi hazipangwi rafuni. Yule kijana anaziweka chini ya kaunta zisipigwe na jua, ukimwomba anakutolea. Mwambie akuonyeshe na tarehe ya kupimwa uotaji, asikuonyeshe ya mwisho wa matumizi tu.