Huduma ya kuondoa theluji: barabara kuu safi, vichochoro vimesahauliwa
Huduma ya jiji ya kuondoa theluji, ambayo nimeitegemea kwa majira mawili ya baridi, inastahili sifa kwa barabara kuu na lawama kwa karibu kila kitu kingine. Theluji nyingi inapoanguka usiku, malori yenye koleo kubwa la mbele hupita kabla ya mapambazuko yakimwaga chumvi, hivyo mabasi huchelewa kidogo tu. Hata hivyo, koleo hilo husukuma theluji pembeni, ikaziba njia za waendao kwa miguu, na mzee mwenye mkongojo akalazimika kutembea katikati ya magari. Chumvi nayo, ambayo hushusha kiwango cha maji kuganda, hupungua nguvu sana baridi inapozidi nyuzi 10 chini ya sifuri za Selsiasi. Siku hizo mchanga, unaoongeza msuguano, ungefaa zaidi, lakini sijauona mtaani kwetu. Takataka zilikaa siku tisa kwa kuwa lori la kuzizoa halikuweza kuingia kichochoroni. Malalamiko, nakiri, hupokelewa kwa adabu. Naipa nyota mbili kati ya tano. Ya tatu nitaiongeza njia ya kwenda kituoni itakaposafishwa kabla ya saa moja asubuhi.