Omega Seamaster ya mtumba: fungua mfuniko kwanza
Seamaster za miaka ya 1960 zenye mashine namba 565 bado ni saa bora sana, ila usilipe kabla fundi hajafungua mfuniko wa nyuma. Ndani mashine iwe na rangi ya shaba, na vito 24, yaani vijiwe vidogo vinavyopunguza msuguano. Vuta kifundo, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, mpaka mwisho: kila ukivuta, tarehe iruke siku moja. Ikigoma, kuna kipuri kimelika. Kisha chukua lenzi. Maandishi ya OMEGA yakiwa manene au yamevujia pembeni, uso umepakwa rangi upya, na bei lazima ishuke sana. Mpira wa mfuniko ukishakakamaa kwa uzee, unyevu wa Dar hupenya na kutu huanzia kwenye kishina cha kifundo. Coco Beach usiingie nayo majini.