Jeshi langu la kwanza la Warhammer 40,000 nikiwa Mbeya, nilichukua Necrons

Wadau salama. Naandika hii kwa sababu kipindi natafuta nianze na jeshi gani kwenye gemu hili la mezani sikupata mtu hata mmoja wa huku kwetu aliyeelezea, wote niliokuwa nawasoma wako Uingereza au Marekani ambako mtu rangi ikimwishia anatoka nyumbani anaingia dukani, sasa mimi nipo Forest hapa Mbeya na vitu hivi dukani hakuna, kila kitu ni kuagiza au kubuni. Nina miezi kumi na nne na Necrons wangu, mechi nimeshacheza ishirini na kitu, kwa hiyo naongea nilichokiona kwa macho.

Kwa ambaye hajui, hili ni gemu la mezani la kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, lilianza 1987 na toleo la kumi lilitoka 2023. Unanunua vijisanamu vya plastiki vya urefu wa sentimita tatu hivi, unavikata kwenye fremu, unaunganisha kwa gundi, unapaka rangi mwenyewe, halafu mnapambana kwa futi ya kupimia na dadu zile zile za Ludo. Kila kikosi kina pointi zake, mnakubaliana mnacheza za ngapi, mechi kubwa ya kawaida ni 2,000. Sheria za msingi za toleo hilo walizitoa bure kwenye intaneti, kwa hiyo pesa yako yote inaenda kwenye jeshi, na ndio maana kukosea jeshi inauma.

Mimi nilianza vibaya. Wiki tatu nzima nilikuwa naangalia video kujua jeshi gani linashinda zaidi, nikalipata, nikawa nakaribia kabisa kutuma hela. Kuna kaka mmoja yuko Iringa, yeye alishaanza na Orks, jeshi la majitu ya kijani, tulijuana kwenye simu tu kipindi hicho, nikampigia nimwambie habari njema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mdogo wangu, mzigo wako unafika lini?" Nikamwambia miezi miwili, ikizidi mitatu. Akasema sawa, sasa pointi wanazibadilisha kila baada ya miezi michache na sheria wanazirekebisha, jeshi likishinda sana wanalipandishia pointi, kwa hiyo wewe unanunua ushindi wa leo utakaofika Mbeya umeshaisha. Na bado hujalipaka rangi.

Aisee ile sentensi iliniokolea laki kadhaa. Toka hapo nikaacha kuangalia nani anashinda nikaanza kujiuliza vitu vingine kabisa: sanamu ngapi nitapaka, kila sanamu ina rangi ngapi, na nikivunja mkono wa mmoja nitamtengenezaje bila kuagiza kitu tena.

Ukiyapanga majeshi kwa maswali hayo picha inabadilika sana. Space Marines ndio kila mtu anakwambia uanze nao na sio uongo, askari wao wa kawaida ana ugumu 4 (ukiwa mkubwa ni vigumu kumjeruhi), uhai 2 (majeraha ya kummaliza), na akipigwa dadu ya 3 kwenda juu inamwokoa kama silaha ya adui haina nguvu ya kutoboa chuma, kwa hiyo anakusamehe makosa. Lakini mpake sasa! Koti la bluu, nembo ya ndege tai ya dhahabu kifuani, macho mekundu, bunduki nyeusi, mabega yana ukingo, mkanda wa ngozi, na kosa la brashi kwenye bluu safi linaonekana kutoka mlangoni. Mdogo wake shemeji yangu alichukua hao, ana mkono mzuri kuliko mimi na wake wakikamilika wanapendeza kweli, ila mmoja anamchukua jioni tatu. Custodes ni wachache sana, kila mmoja ana uhai 3 na anaokoka kwa 2 kwenda juu, ni dhahabu karibu mwili mzima, ningekuwa na hela zaidi pengine ningewachukua hao, shida ukipoteza mmoja umepoteza kipande kikubwa cha jeshi, na anayeanza anapoteza. Wale askari wa binadamu wa kawaida, Astra Militarum, wana ugumu 3 na uhai 1, uzuri wao ni wingi na vifaru, sasa wingi maana yake ni kupaka watu mia na zaidi, na mimi natoka kazini saa kumi na moja.

Orks wa kaka ni habari nyingine. Wakipiga risasi wanapata kwa 5 au 6 tu, yaani nyingi zinaenda hewani, ila wakikufikia karibu umekwisha. Nilimuuliza kwa nini achague watu wasiojua kulenga, akanijibu kwamba yeye amekulia karibu na Kalenga, na hadithi aliyolelewa nayo ni ya Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipowavizia Wajerumani wa Zelewski kwenye vichaka na mawe. Wale walikuwa na mizinga na bunduki za Maxim, wenzao wengi wao mikuki na ngao, lakini walishafika mguuni kabla bunduki hazijapangwa sawa, na Zelewski mwenyewe alibaki pale pale. Kaka anasema jeshi la kukimbilia karibu linataka vitu viwili, vizuizi vya kujificha mezani na uvumilivu wa kutotoka mafichoni mapema. Nimecheza naye mara nyingi, nakubali asilimia mia, na meza ikiwa tupu Orks wanakufa njiani.

Mimi nikaangukia kwa Necrons. Hadithi yao ni watu wa kale waliohamishwa kutoka miili ya nyama kwenda ya chuma, wakalala miaka milioni 60 makaburini, sasa wanaamka. Kwa hiyo ni mifupa ya chuma iliyochakaa. Umeona hapo? Chuma kilichochakaa, ukikosea rangi inaonekana ni kutu! Napuliza nyeusi, ikikauka nachukua brashi ya vipodozi niliyonunua Mwanjelwa kwa buku mbili, naichovya kwenye rangi ya fedha, naifuta kwenye kitambaa mpaka inakaribia kuisha kabisa, halafu naipitisha juu juu tu, mbavu na mafuvu yanatokea yenyewe, mashimo yanabaki meusi. Kijani kwenye macho na bunduki, basi. Kumi nilimaliza Jumamosi mbili, na mimi sikuwahi kushika brashi toka darasa la saba.

Jambo moja la hali ya hewa yetu ambalo video hazisemi. Kumi wa kwanza niliwapulizia spreyi asubuhi ya mwezi wa sita, Mbeya mnaijua mwezi wa sita, rangi ikatua kama vumbi, chenga chenga, sikulala vizuri siku ile. Sasa hivi napuliza saa saba mchana jua likiwa kali, na kopo naliweka kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache nalitikisa sana. Uvuguvugu jamani, usiweke kwenye maji ya moto wala karibu na jiko, kopo lile linalipuka. Na kuanzia mvua za Novemba napuliza siku kavu tu, unyevu unaacha ukungu mweupe juu ya rangi.

Kuhusu kununua. Boksi la Necron Warriors lina askari kumi na vikundi vitatu vya wadudu wa chuma wanaofanana na mende, mimi lilinifikia kama laki na kumi kabla ya usafiri. La kwanza nililipata duka moja la mtandaoni ambalo silitaji, lilifika limefunguliwa na vile vitako vya kusimamishia havimo, nikaandika barua pepe tatu, jibu sikupata. Niliumia sana kwa sababu nilikuwa nimesubiri wiki tisa. Nikakata vitako kwa kadibodi ngumu nikifuatisha sarafu, nikamwagia gundi ya mbao na mchanga uliochekechwa, vipo mpaka leo. La pili, pamoja na kiongozi wao anayeitwa Overlord, lililetwa na shemeji kwenye begi lake, na hiyo ndio njia naipendekeza kama una ndugu anasafiri, fremu ni bapa, hazili nafasi. Kukatia natumia kikata kucha, mistari ya plastiki naikwangua kwa wembe, gundi ni ile ya mia tano ya dukani, inashika ila haisamehe, hakikisha mkono umekaa sawa kabla hujabana.

Mawe ya uwanja hatununui. Ukienda upande wa Rungwe kuna yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ukiyavunja yanakuwa magofu tayari, hata rangi hayahitaji sana.

Mchezoni sasa. Sifa yao kubwa ni kuamka: kila zamu yako, mwishoni mwa hatua ya amri (ile ya kwanza ya zamu), kila kikosi kinarusha dadu na kinarudisha uhai 1 mpaka 3, na kwa Warriors wenye uhai 1 hiyo ni askari mmoja mpaka watatu wanasimama tena. Mara ya kwanza nilifurahi nikaona hawa hawafi. Mechi mbili za mwanzo nikapigwa vibaya, kwa sababu nilikuwa na vikosi viwili vya kumi kumi, kaka akawa anamaliza kikosi kizima kwa zamu moja, na kikosi kilichoisha chote hakiamki, hakuna aliyebaki wa kuamshia wenzake. Nikaunganisha wakawa kikosi kimoja cha ishirini, Overlord ndani, hapo mambo yakabadilika, adui anaua kumi na mbili anashusha pumzi, watatu wanarudi, inabidi aanze tena. Kasoro yao ni mwendo, inchi 5 kwa zamu, ukikosea pa kuwapanga mwanzoni utatembea mechi nzima. Na bunduki chagua kabla hujagandisha, ya inchi 24 au ya inchi 12 yenye nguvu zaidi, mimi niliweka ya 24 kwa wote na kwa meza yetu nilipatia.

Meza yenyewe ni ya kulia chakula. Ile mechi ndogo ya Combat Patrol inataka inchi 44 kwa 30 tu, na kila mtu anacheza na boksi moja lilivyo, kwa hiyo kama mko wawili na hela ni ya mawazo anzieni hapo, msikimbilie 2,000. Ila kabla ya kulipa ongea na huyo mwenzako, mimi na kaka tungechukua wote Orks pasingekuwa na cha kujifunza.

Mwisho wa mwezi anakuja na basi la asubuhi kutoka Iringa, Orks wake thelathini kwenye boksi la viatu, kila mmoja amefungwa na toilet pepa. Akishuka tu ataniambia kamwene, na swali la pili litakuwa kama nimeongeza vizuizi mezani. Nimeongeza, mawe saba mapya, na mawili nimeyaweka upande wake.